Nywele za Kufika Mabegani

Nilipomaliza kidato cha nne, mtu wa kwanza niliyemwambia kwamba sitanyoa tena maishani mwangu alikuwa kinyozi wa shule. Alikuja kila muhula, mashine yake ndani ya mfuko wa plastiki, akaketi nje ya bwalo, na sisi wasichana tukapanga foleni tumeinamisha shingo kama kondoo. Siku hiyo alikuja kwa ajili ya madarasa ya chini, nami nilikuwa nikiburuta sanduku langu kuelekea lango. Alicheka, akasema wote huapa hivyo. Niliona amenitusi.

Shule ilikuwa upande wa Bungoma. Kwetu ni Kitale. Nilifika nyumbani na lengo moja: nywele zifike mabegani. Sikutaka za kiunoni kama za wanawake waliochorwa kwenye kuta za saluni. Mabegani tu. Sijui nieleze vipi jinsi jambo hilo lilivyonishika. Mimi ni mtu wa kurarua ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyopinda. Kitanda changu nilikitandika, nikakitandua, nikakitandika tena. Vitu vingi nilivyovikazania vilikubali kunyooka mwishowe. Nywele zilikataa, na kukataa kwao nikakuchukulia kama habari fulani mbaya kunihusu, ambayo watu wengine wangeigundua wakiniangalia tu.

Hakuna aliyenifundisha kutunza nywele. Nilijifundisha mwenyewe, vipande vipande. Nilisoma magazeti ya urembo yaliyochakaa kwenye saluni za karibu na soko, mengine yakiwa hayana kurasa za mwisho. Nilisikiliza vipindi vya redio vya alasiri. Nilienda saibakafe, ambako dakika zangu ziliisha kabla picha haijafunguka hata nusu. Kila nilichosikia nilikifanya juma lilelile, na sikuwahi kuacha kimoja ili kuanza kingine.

Niliweka dawa ya kulainisha nywele mara tu mizizi ilipoanza kujikunja, maana niliogopa watu waone mizizi. Niliosha kichwa kila asubuhi, kwa kuwa gazeti moja lilisema usafi ni msingi wa nywele ndefu. Gazeti hilo liliandikiwa watu wa nywele za aina nyingine kabisa, lakini hilo sikuliwaza. Nilikausha kwa mashine ya moto, nikachana kuanzia kwenye utosi kwenda chini kwa nguvu, mpaka machozi. Nilipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe. Hapa Kitale hakuna boma lenye ng'ombe lisilokuwa na kopo hilo, na jirani yetu alikuwa na ng'ombe wenye ngozi nyororo kuliko yangu, nikajiambia kama yanafaa kiwele yatafaa na kichwa. Usiku nilivaa soksi ndefu ya nailoni iliyokatwa na kufungwa fundo, imenibana paji la uso hadi nikaamka na mstari mwekundu.

Siku moja nilipaka mayai. Gazeti lilisema mayai mabichi yanazipa nywele nguvu. Halikusema usisuuze kwa maji ya moto. Yai likaiva kichwani. Mama alikuwa kwenye cherehani yake upande wa mbele wa nyumba, nikamsikia akiuliza kwa mshangao ni nani anakaanga saa hizi. Nilichambua vipande vya yai kwenye nywele kwa siku kadhaa, na mtu akinikaribia nilirudi nyuma kidogo.

Lakini cha kuchekesha kilikuwa kichache. Mara nyingi nilikuwa na hofu. Asubuhi nilipotazama kitana nilikuta kimejaa, na kila nilipokikuta kimejaa mwili ulinisisimka kana kwamba ni mara ya kwanza. Nilizikusanya zile nywele zilizokatika, nikazichoma jikoni Mama akiwa ametoka, kisha nikafungua madirisha yote ili harufu iishe. Nilihisi kama mtu anayeficha ugonjwa.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Alishona sare za shule, na msimu wa harusi alishona suti. Kichwani alifunga kitambaa siku zote, na vitambaa vyake alivishona kwa mabaki ya bitana, kile kitambaa cha utelezi kinachowekwa ndani ya koti. Alikuwa navyo vya kijivu, vya buluu, vya rangi ya maharagwe, kutegemea suti zilizoshonwa mwaka huo. Chini ya kitambaa nilijua kuna uzi. Alisukwa kwa uzi mweusi, kila fungu limezungushiwa kutoka kwenye ngozi hadi nchani, kisha vijiti hivyo vikakunjwa na kufungwa pamoja. Jumamosi jioni jirani yetu muuza mitumba alikuja kumfumua na kumsuka tena, katika chumba chake na Baba, mlango umefungwa. Saa hizo mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, au nilikuwa kwenye saluni nikisubiri zamu yangu.

Sikuwahi kuziona zikiwa wazi. Najua ni ajabu kusema hivyo kuhusu mama yako mzazi. Lakini utoto wangu wa kwanza niliupitisha kwa nyanya yangu, baadaye nikaenda shule za bweni, na nilipokuwa nyumbani sikuwa na hamu ya kutazama uzi. Kwangu uzi ulikuwa mtindo wa wanawake wa shambani. Nilimwambia mara kwa mara aweke dawa naye apendeze. Alikuwa akinijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa anachoshona, kwamba nani ana muda wa kuzichezea nywele.

Ilichukua zaidi ya miaka miwili. Siku moja, nikiwa nimesimama mbele ya kioo cha kabati, shingo nikiwa nimeiinua na kuiegemeza kidogo upande, ncha za nywele ziligusa bega. Ziligusa kwa kweli. Zilikuwa nyembamba kama utando wa buibui na pande za paji la uso zilikuwa zimeanza kurudi nyuma, lakini ziligusa. Sikumwambia mtu. Nilikaa kitandani nikiwa na furaha iliyochanganyika na woga, kama mtu aliyebeba sahani ya kioo sakafu ikiwa imelowa.

Ndipo simu ikaja kwamba Kukhu amefariki.

Kukhu ni nyanya, kwa lugha ya kwetu. Alikuwa mama wa baba yangu, na aliishi kule juu ya Kimilili, mlima ukiwa karibu hivi kwamba jioni kivuli chake kinafika mapema. Ndiye aliyenilea hadi nikafika umri wa kuanza shule. Simu ilimkuta Mama akimpima mteja kiuno. Alisikiliza, akaiweka simu mfukoni, akamaliza kumpima yule mteja, mabega, mikono, kila kitu, akamsindikiza hadi mlangoni. Kisha akaketi chini sakafuni, kwenye vipande vya nguo, na kufunika uso.

Tulizika kwenye mvua. Nitasema ukweli: nililia, na nilipokuwa nikilia, chini ya leso yangu kulikuwa na mfuko wa plastiki nilioufunga kichwani ili maji yasiguse nywele. Nilimpenda Kukhu sana. Na bado, jeneza likishuka, sehemu ya akili yangu ilikuwa ikisikiliza matone yakigonga ile plastiki.

Jioni hiyo, watu wakiwa wamekaa kuzunguka moto, senge alisimama. Senge ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Aliolewa kule Naitiri, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita wafanyakazi shamba lote, na msiba huo ulikuwa mikononi mwake. Alishukuru wapishi, akawakumbusha vijana wasilale wote, halafu akasema, kama mtu anayetaja saa ya chai, kwamba kesho kutwa ni kunyoa.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimuuliza binamu yangu, binti wa senge, ambaye tulikuwa tumelingana umri.

"Kunyoa nani?"

"Si sisi," akasema. "Ama wewe hukuwanga mtu wa hii boma?"

Babu alipofariki nilikuwa mdogo, na kichwa changu kilikuwa kikinyolewa kila mara hata hivyo, kwa hiyo sikuwa na kumbukumbu yoyote. Sasa nikaelezwa. Kwetu, siku ya tatu ukihesabu na ya maziko, watu wa marehemu huketi uani na kunyolewa. Nywele ulizokuwa nazo yeye akiugua, ulizokuwa nazo ukimlilia, unaziacha pale nyumbani kwake, na zinazokuja ni za siku mpya. Kila nyumba ya watoto wake lazima itoe angalau mtu mmoja. Wengine wakitaka wanajiunga. Mchungaji alikuwa amesema kwenye maziko kwamba Mkristo halazimiki, na kuna familia nyingi za jirani zilizokuwa zimeacha. Mchungaji akaenda zake na msimamo wake, senge akabaki na wembe wake.

Nyumba yetu ilikuwa na watu watatu: Baba, Mama na mimi. Baba hakuwa na nywele. Alianza kupata upara akiwa kijana, na binamu walikuwa wakisema kichwa chake kilishanyolewa na Mungu mapema ili kumwondolea senge kazi. Mama alikuwa mke aliyeolewa kwetu, si mtoto wa Kukhu. Nilipiga hesabu hiyo mara nyingi usiku na kila mara ilinirudia mimi.

Siku iliyofuata sikula. Nilisonga ugali wa watu, nikaosha sufuria, nikaenda kisimani mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nikiwa peke yangu nilishika ncha za nywele zangu na kuzihesabia kila juma nililozitunza. Binamu yangu alinikuta nyuma ya ghala nikifuta macho. Yeye alikuwa amefumua rasta zake asubuhi hiyo huku akiimba, nywele zimesimama pande zote.

"Sema tu ukweli bana," alisema, bila ubaya. "Unalilia Kukhu ama unalilia nywele?"

Niligeukia ukuta wa ghala. Akashtuka kidogo, akanipa kitambaa chake na kuondoka.

Jioni nilimwona Mama na senge wamesimama nyuma ya jiko. Walikuwa mbali, sikusikia. Mama alikuwa akiongea kwa upole, ameushika mkono wa senge karibu na kiwiko. Senge alisikiliza kichwa kimeinama, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake. Mwisho alimpigapiga Mama begani. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa: Mama ameona siwezi kula, ameenda kuniombea. Nililala usiku huo kwa aibu, lakini nililala.

Asubuhi kulikuwa na upepo baridi kutoka mlimani. Kigoda kiliwekwa uani, pembeni yake beseni la maji na kipande cha sabuni. Miaka hiyo watu walikuwa wameshaanza kuogopa kuchangia wembe, kwa hiyo kila mmoja alishika wembe wake mpya ndani ya karatasi. Mimi pia nilikuwa na wangu. Mtu aliniwekea mkononi nami nikaufumbata, nikisubiri kusikia kwamba sihitajiki.

Alianza mtoto wa kwanza wa Kukhu, mzee mwenyewe, na baada yake nyumba zikafuata kwa umri. Senge alinyoa haraka na kwa usafi, akitania kila kichwa. Huyu alikuwa na kovu alilolipata akiiba maembe, huyu kichwa chake kiko kama kiazi kitamu, huyu sasa anafanana na marehemu mpaka inaogopesha. Watu walicheka na kulia kwa zamu. Binamu yangu aliponyolewa aliinuka, akashika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Nyumba ya Kitale," senge akaita.

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, lakini miguu ilisimama. Mama alipita mbele yangu. Alinyoosha mkono, akaufungua mkono wangu kidole kwa kidole, akachukua ule wembe, akaenda kuketi kwenye kigoda.

"Mama," nikasema. "Ni mimi."

"Kaa chini."

Akafungua kitambaa chake cha bitana, akakikunja mara nne na kukiweka mapajani. Mke wa baba mdogo akaja na kiwembe kukata mafundo ya uzi. Nakumbuka uzi ulivyokuwa ukifumuka, mrefu, mweusi, ukianguka kwenye nyasi kijiti baada ya kijiti. Kila kijiti kilipofunguka, nywele zilibaki zimenyooka hewani kwa muda kidogo, halafu zikaanza kujikusanya. Kisha senge akazilowesha kwa maji zilainike, akapitisha kitana, taratibu, kutoka nchani kwenda juu.

Watu walisogea karibu.

Zilikuwa nyingi. Sina neno zuri zaidi. Zilikuwa nyeusi na nene hadi kwenye ncha, hazikuwa na mahali pembamba, na senge alipolivuta fungu moja lilishuka likapita bega la Mama, likapita kwapa, na alipoliachia likapanda tena juu kama kitu chenye uhai wake. Pande za paji la uso, pale ambapo mimi nilikuwa tayari nimebaki na vinyweleo, zake zilikuwa zimejaa. Nilikuwa nimeishi nyumba moja na nywele hizo. Nilikuwa nimeketi mbele ya kioo mchana na jioni nikiomba nusu yake, robo yake, na zilikuwa chumba cha pili, zimefungwa ndani ya mabaki ya suti. Mdomo wangu ulikuwa wazi na sikuweza kuufunga.

"Mulamwa," senge akasema. Hivyo ndivyo anavyomwita wifi yake. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hii ndio umekuwa ukificha?"

"Sijaficha. Nimefunga tu."

"Wacha nikate kidogo hapa mbele. Inatosha. Hata wa kanisa wanafanyanga hivyo."

"Kama ni kunyoa, nyoa," Mama akasema.

Senge alisita na wembe mkononi. Mimi nilimwona akisita, na nilikuwa na nafasi ya kusema kitu. Halafu akaanza. Nywele za watu wengine zilianguka bila sauti. Za Mama nilisikia zikianguka. Huenda nilikuwa nasikia kitu kingine, lakini ndivyo ninavyokumbuka. Zilijaa chini ya kigoda kama sufi iliyomwagika, na kichwa kilichobaki juu kilikuwa kidogo, cheupe kuliko uso wake, na chenye mshipa juu ya sikio nisioujua.

Senge alipomaliza alimwosha kwa maji ya beseni. Kisha akanitazama.

"Na wewe?"

Kila mtu alinitazama. Haikuwa lazima tena. Nyumba ya Kitale ilikuwa imetoa kichwa. Nilikuwa nimepata nilichokuwa nikikiombea kwa siku mbili, nimesimama katikati ya vichwa vinavyong'aa, mimi peke yangu wa rika langu nikiwa na nywele, na nilihisi kama nimesimama uchi. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Senge akasubiri kidogo, akamwita wa nyumba iliyofuata.

Tulirudi Kitale. Mama alifunga kitambaa chake kama kawaida, isipokuwa kilikuwa kikubwa sasa na kilishuka hadi kwenye nyusi, ikabidi akikunje upya. Aliketi kwenye cherehani. Mimi nilimzunguka kwa juma zima nikimpikia, nikimfulia, nikimletea chai ambayo hakuiomba. Mwishowe nilijikaza, nikamwambia nashukuru kwa alichonifanyia, na kwamba sijui nitamlipa vipi.

Aliondoa mguu kwenye cherehani. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kwani ulidhani nilinyolewa kwa ajili yako?"

Nilivuta kiti, nikaketi.

Akaniambia alichozungumza na senge nyuma ya jiko. Hakuniombea mimi. Hata hakunitaja. Alikuwa amemwomba senge amhesabu. Mke aliyeolewa kwetu halazimiki kunyolewa, anaweza kukaa pembeni na kutazama, na Mama hakutaka kukaa pembeni. Alipoolewa alikuwa msichana mdogo, mama yake mwenyewe alikuwa ameshafariki, na nywele zake zilikuwa fupi, zimekatika kwa kufunga leso ya kubebea kuni. Kukhu alimketisha katikati ya magoti yake na kumsuka uzi. Kila Jumamosi, miaka yote aliyoishi kule kabla ya kuhamia Kitale. Uzi wa kulegea, usiovuta ngozi. "Hizo nywele ni yeye alizianzisha," Mama alisema. "Ningempelekea nani mwingine?"

Akarudisha mguu kwenye cherehani, akaendelea na pindo.

Nimejaribu mara nyingi kueleza mshtuko wangu wa siku hiyo na huwa sifaulu. Ule wa uani nilikuwa nimeuona kwa macho. Huu ulikuwa wa kugundua kwamba nilikuwa nimeketi ndani ya msiba wa watu wawili waliopendana, nikidhani ni habari ya kichwa changu.

Sikuweza tena kuzitunza nywele zangu kwa ile bidii, wala sikuweza kuziacha. Nilichana kwa mazoea. Asubuhi moja fungu zima upande wa kushoto, juu ya sikio, lilitoka na kitana, lote pamoja, likaacha sehemu laini ya ngozi. Halikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Nilitoka nje na lile fungu mkononi hadi kwa Mama. Nilimwomba anikate zote, hapohapo, kwa makasi yaliyokuwa mezani.

"Makasi ya nguo hayakati nywele," akasema. Fundi yeyote atakuambia hivyo, makasi yakishakata nywele yanatafuna kitambaa. Aligeuza kichwa changu kwenye mwanga, akaitazama ile sehemu kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hizi umezichosha."

Nilienda kwa kinyozi wa wanaume karibu na soko. Wateja waliacha kutazama mpira. Kinyozi aliniuliza kama nimefiwa. Nilisema ndiyo.

Kwa hiyo tulianza pamoja, Mama na mimi, vichwa viwili vya nywele fupi ndani ya nyumba moja, na Baba akifurahi kwamba hatimaye amepata wenzake. Nilimuuliza Mama siri yake. Alisema ni mrenda, kwa sababu mboga hiyo inateleza, na anaamini utelezi wake unafika hadi kichwani. Nilikula mrenda mwingi sana mwaka huo. Lakini pia nilimtazama, kwa mara ya kwanza nilimtazama, na nikaanza kujifundisha upya kutokana na mambo ambayo yeye mwenyewe hakujua anayafanya. Hakuwahi kuosha kichwa ila Jumamosi. Hakuchana nywele kavu. Alizilowesha, akazitenganisha kwa vidole, kitana kikaja mwisho na kikaanzia kwenye ncha. Mafuta yalikuwa kidogo, yakipakwa unyevu ukiwa bado upo. Hakuna moto, hakuna dawa. Bitana aliipenda kwa sababu haikuwa na gharama, na ilikuwa ikiziacha nywele ziteleze alipogeuza kichwa usiku, wakati mto wangu wa pamba na ile soksi vilikuwa vikizitafuna. Na zaidi ya yote aliziacha. Siku sita kwa juma alisahau kwamba ana nywele. Hilo ndilo lililokuwa gumu kwangu kuliko yote. Nilishonewa vitambaa viwili vya bitana ya kijivu, nikajizuia kujitazama kwenye kioo kama watu wanavyojizuia sigara.

Zangu zilikuja. Zilikuja za asili, ngumu, zenye kujikunja, na ile sehemu juu ya sikio ilijaa polepole. Baada ya mwaka niliweza kuzifunga. Baadaye zilifika mabegani, ukizivuta, bila kuinamisha shingo.

Za Mama zilikuja nyeupe.

Hatukutarajia. Zilizonyolewa hazikuwa na mvi hata moja, na yeye hakuwa mzee. Mwanzo nilidhani ni mwanga. Kisha zikarefuka hadi usawa wa masikio, laini kama za mtoto, nyeupe kabisa mbele na kijivu nyuma, na hapo zikasimama. Nilizipaka kila kitu nilichojifunza kinachofaa, nikazilowesha, nikazifunga, nikazingoja. Hazikuvuka masikio tena. Kila Jumamosi nilipozifungua nilishtuka upya, ingawa nilijua nitakachokiona. Yeye alitazama kwenye kioo mara moja, akasema Kukhu naye alikuwa hivyohivyo, akarudi kazini.

Jirani muuza mitumba alipohamia Bungoma, kazi ya kumsuka ilibaki kwangu. Mara ya kwanza nilimketisha katikati ya magoti yangu, nikagawa kichwa kwa ncha ya kitana, nikaanza kuzungusha uzi. Uzi mweusi juu ya nywele nyeupe hauachi kitu kifichike. Mistari yangu ilipinda. Fungu la nyuma lilikuwa kubwa kuliko la mbele. Nilikaza ili nirekebishe.

"Usivute," Mama akasema.

Nikalegeza. Nikamwambia mstari umepinda vibaya, nifumue nianze tena.

"Umepinda," akakubali, akiupapasa kwa kidole. "Endelea na huo mwingine."

Nikaendelea na huo mwingine.